Kompyuta imekufa ila diski unayo mkononi: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kuokoa data

Haya ni maswali ninayoulizwa kila siku na watu waliotoa diski kwenye kompyuta iliyoharibika, wengi wanakuja wamechanganyikiwa kwasababu ndani kuna picha za mtoto au kazi ya chuo ya miaka mitatu. Nimeanza na mepesi, magumu yako chini. Ila kama diski yako inagonga au iliingia maji usisome kwa mpangilio, nenda moja kwa moja swali la 11 na la 13 na usiichomeke popote kwanza.

## Kabla hujachomeka chochote

1. Kompyuta haiwaki kabisa, data zangu zimeenda?

Mara nyingi hapana. Kinachokufa kwenye kompyuta ni chaji, kioo, RAM, feni, mazabodi (bodi kuu), na diski ni kitu kingine kabisa kinachojitegemea. Nimeshaona laptopu mazabodi imeungua mpaka inanuka na diski yake ikasoma vizuri kama mpya.

Alafu kabla ya kushika bisibisi hakikisha kwanza kama ni kioo tu kimekufa. Ukisikia feni inazunguka na taa zinawaka, chomeka kwenye TV au monita kwa kebo ya HDMI, unaweza ukakuta kila kitu kipo unakopi tu bila kufungua skrubu hata moja.

2. Nitajuaje diski yangu ni ya aina gani?

Angalia umbo na meno yake. Ile nene ya inchi 3.5 ni ya kompyuta za mezani, ndogo ya inchi 2.5 ni ya laptopu, na nyingi zinatumia SATA, yani soketi mbili bapa zimekaa pamoja, fupi ya pini 7 inapitisha data na ndefu ya pini 15 inapitisha umeme. Ukikuta pini nyembamba zimesimama kwa mistari miwili hiyo ni IDE ya zamani, pini 40 kwenye kubwa na 44 kwenye ya laptopu.

Ikiwa ni kibao chembamba kilichoshikwa na skrubu moja hiyo ni M.2, na hapa ndo watu wengi wanapoteza hela, maana kuna M.2 za SATA na M.2 za NVMe, kwa macho zinafanana ila adapta ya aina moja haisomi nyingine. Soma lebo yake. Lebo ikiwa imefutika hesabu mikato kwenye meno, miwili mara nyingi ni SATA, mmoja mara nyingi ni NVMe. Zipo pia adapta zinazosoma zote mbili, kama huna uhakika chukua hiyo.

Laptopu nyingine hazina diski ya kutoa kabisa, hifadhi imelehemewa kwenye mazabodi. Hiyo ina habari yake, tazama swali la 18.

3. Naitoaje bila kuiharibu?

Chomoa chaji, toa betri au chomoa waya wa betri ndani, bonyeza kitufe cha kuwasha sekunde kadhaa umeme uliobaki uishe. Gusa chuma kwanza ili mwili upoteze umeme tuli. Shika diski pembeni, usiguse bodi ya chini. Na usiidondoshe hata kimo cha meza, hii naisema kwa uchungu maana nimepokea diski nyingi zilizokuwa nzima ndani ya kompyuta mbovu zikafa siku ya kutolewa.

4. Nahitaji vifaa gani?

Vitatu tu: adapta ya kugeuza diski yako kwenda USB (au kasha la diski, ni kitu kilekile ila limefunikwa), kompyuta nyingine inayofanya kazi, na sehemu ya kuhamishia yenye nafasi ya kutosha. Hiki cha tatu watu wanakisahau alafu wanaanza kukopi nusu nusu kwenye flashi.

Diski ya inchi 2.5 inakula volti 5 ambazo USB inatoa yenyewe. Ya inchi 3.5 inataka na volti 12, kwa hiyo lazima adapta yake iwe na chaji yake. Tafadhali usichukue chaji ya laptopu ya volti 19 ukaichomeka kwasababu tu kichwa kinaingia, utaunguza diski iliyokuwa nzima.

## Imechomekwa, sasa

5. Niichomeke kwa USB au niifunge ndani ya kompyuta nyingine iwake nayo?

Kwa USB, au ndani kama diski ya pili. Usiwashe kompyuta nyingine kwa kutumia Windows iliyoko kwenye diski hiyo. Inaweza kuwaka kweli, Windows 10 na 11 zinavumilia sana kuhamishwa, ila ikiwaka inaanza kuandika: madereva mapya, masasisho, faili za muda. Diski unayotaka kuiokoa inatakiwa isomwe tu, isiandikwe kitu. Ukishika hilo moja tu umeshajiepusha na zaidi ya nusu ya majanga ninayoletewa.

6. Nimeichomeka haionekani, nifanyeje?

Isikilize kwanza. Weka sikio au kidole, diski ya kuzunguka utaihisi inatetemeka kidogo. Kama iko kimya kabisa anza na umeme: badilisha kebo, badilisha tundu la USB, kwenye kompyuta ya mezani tumia matundu ya nyuma. USB 2.0 inaahidi miliampea 500 na USB 3.0 miliampea 900, na diski nyingi za laptopu wakati wa kuanza kuzunguka zinataka hata kuzidi hapo, ndo maana diski nzima kabisa inaweza kushindwa kuamka kwenye tundu dhaifu.

Kama inazunguka ila haipo kwenye orodha ya diski, bonyeza kulia kitufe cha Start ufungue Disk Management. Ukiiona pale ina ukubwa sahihi ila haina herufi, ipe herufi, imeisha. Ikikuambia haijaanzishwa na inakuomba uianzishe, kataa. Ukiona ukubwa wa ajabu, mfano diski ya GB 500 inaonyesha 0, tatizo liko kwenye diski yenyewe, tazama swali la 20.

7. Windows inaniambia lazima niifomati ndo niitumie, nikubali?

HAPANA. Bonyeza ghairi. Ujumbe ule maana yake ni moja tu, Windows imeshindwa kuelewa mpangilio wa faili. Haimaanishi faili hazipo. Inaweza kuwa patisheni (sehemu ya diski iliyogawanywa) imeharibika kidogo, inaweza kuwa diski imetoka kwenye Mac au Linux ambazo mpangilio wake Windows haiujui (swali la 19), au unajaribu kufungua patisheni ndogo ya mfumo ambayo haina faili zako hata kidogo, zako ziko kwenye ile kubwa ya pembeni yake.

Na usikimbilie chkdsk, amri ya Windows ya kukagua diski. Hili nilijifunza vibaya. Mwanzoni mwa kazi hii niliendesha chkdsk kwenye diski ya mtu iliyokuwa na sekta mbovu (vipande vidogo vya diski visivyosomeka) nikidhani naitengeneza, ikakesha usiku kucha, asubuhi folda ya picha za harusi imegeuka kuwa folda inaitwa found.000 imejaa vipande visivyo na majina. Chkdsk kazi yake ni kunyoosha mpangilio wa diski, ikibidi itatupa faili zako ili mpangilio unyooke. Baadhi ya picha nilizirudisha, zote hapana, na mpaka leo sijaisahau sura ya yule mama. Kopi kwanza, matengenezo baadaye.

8. Diski imefunguka vizuri ila folda yangu inasema sina ruhusa.

Hiyo ni kawaida, wala si ugonjwa. Windows inalinda folda za mtumiaji wa kompyuta ya zamani na wewe kwake ni mgeni. Ukiwa na akaunti ya msimamizi bonyeza kuendelea, subiri, folda ikiwa kubwa inaweza kuchukua dakika nyingi, usichomoe katikati.

Ila kumbuka hapo inabadilisha ruhusa, yani inaandika kwenye diski. Kama unahisi diski ni dhaifu washa kompyuta kwa Linux iliyoko kwenye flashi, Ubuntu inatosha, hii haijali ruhusa za Windows na inakufungulia bila kuandika chochote ukiifungua kwa kusoma tu. Paswedi ya kuingilia Windows pia haizuii kitu hapa, ule ulikuwa mlango wa mbele tu. Kinachozuia kweli ni usimbaji, yani data kufungwa kwa funguo ya siri, tazama swali linalofuata.

9. Inaniomba funguo ya BitLocker na mimi sikuwahi kuweka.

BitLocker ndo usimbaji wa Windows, na laptopu nyingi zinajifunga nayo zenyewe ukiingia kwa akaunti ya Microsoft, ndo maana hukumbuki. Inayotakiwa ni funguo ya tarakimu 48. Ingia kwenye akaunti yako ya Microsoft kwa simu au kompyuta yoyote, sehemu ya vifaa, funguo za BitLocker utazikuta pale, linganisha utambulisho wa funguo na ule unaoonekana kwenye skrini. Kama kompyuta ilikuwa ya ofisi au shule waulize watu wa IT, wao ndo wanaitunza.

Funguo isipopatikana kokote, hapo siwezi kukudanganya, data hazitoki. Yeyote anayekuambia anavunja BitLocker kwa hela kidogo anataka hela yako tu.

10. Faili zangu ziko wapi humu ndani, na zinachukua muda gani kukopi?

Fungua folda ya Users, alafu jina lako la zamani. Desktop, Documents, Downloads na Pictures ziko hapo. Usisahau AppData, imefichwa, ndani yake kuna mambo ya brauza na programu za barua pepe. Ukitumia Firefox au Thunderbird kopi folda nzima ya wasifu (profile) na paswedi zako zitahama nayo. Chrome na Edge sio hivyo, paswedi zake zimefungwa kwa akaunti ya Windows ya zamani, ukikopi folda utapata alama za kurasa ila paswedi hazitafunguka.

Kitu kinachowashtua watu: folda ya OneDrive inaweza kuonyesha faili mia ila ndani ni majina tu, faili zenyewe ziko mtandaoni. Ingia akaunti yako utazikuta.

Muda unategemea tundu. USB 2.0 kwa uhalisia inatoa kama MB 35 kwa sekunde, GB 500 ni kama masaa manne. USB 3.0 na diski ya kuzunguka yenye afya inaweza kufika MB 100, hapo ni saa moja na nusu hivi. Faili ndogondogo nyingi zinachelewesha kuliko video kubwa. Ikishuka mpaka KB kadhaa kwa sekunde na kuganda, simamisha, nenda swali la 12. Na kama unahamishia kwenye diski au flashi yenye mpangilio wa FAT32 faili lolote la GB 4 na zaidi litakataa, tumia exFAT.

## Diski yenyewe ikiwa inaumwa

11. Inagonga tik tik tik alafu inanyamaza.

Jaribu mara moja tu tundu lingine lenye nguvu au adapta yenye chaji yake, maana umeme mdogo nao unafanya diski igonge hivyo. Bado inagonga? Izime. Usiiwashe tena "kuangalia kama imepona".

Kinachotokea ni hivi, ndani kuna sahani zinazunguka mara 5400 au 7200 kwa dakika na vichwa vya kusomea vinaelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache, unywele wa mtu ni mnene mara maelfu ya hapo. Ule mlio ni mkono wa vichwa unatafuta njia, unakosa, unarudi, unajaribu tena. Kichwa kikiwa kimevunjika kila jaribio linaweza kukwangua sahani, na ile tabaka inayokwanguliwa ndo picha zako zenyewe, zikigeuka unga hakuna maabara duniani inayozirudisha. Hii ni ya wataalamu wenye chumba kisicho na vumbi, swali la 20.

12. Haigongi, inasoma, ila inakwama kwama na kukatika.

Hizi ndo zinazookoka sana zikishikwa kwa akili. Angalia afya yake kwa CrystalDiskInfo upande wa Windows au smartctl upande wa Linux, tazama namba 05, C5 na C6, zikiwa juu ya sifuri kwenye thamani ghafi (raw) kuna sekta zilizokufa au zinazokufa.

Usikopi folda moja moja. Windows ikikutana na sekta mbovu inarudia rudia palepale na kuichosha diski. Tumia ddrescue kwenye Linux, inakopi diski nzima kuwa faili moja, inaanza na sehemu nzima, mbovu inaziruka inazirudia mwishoni, na inaweka faili la kumbukumbu ili umeme ukikatika uendelee ulipoishia. Amri ya mzunguko wa kwanza ni hii, weka herufi ya diski yako badala ya X:

ddrescue -d -n /dev/sdX picha.img kumbukumbu.map

Ukimaliza rudia na -r3 badala ya -n ili sekta ngumu zijaribiwe mara tatu. Hakikisha mara mbili herufi ya diski kwa amri ya lsblk, ukigeuza chanzo na mwisho umeifuta mwenyewe. Baada ya hapo diski mbovu iweke pembeni, kazi yote ya kutafuta faili fanya kwenye lile faili la picha.img.

13. Kompyuta iliingia maji, au iliungua moto. Nianike diski juani?

Usianike, usiweke kwenye mchele, usipulize na mashine ya nywele, na usiichomeke. Diski nyingi za kuzunguka zina tundu dogo la kupumulia, maji yanaweza kupita hapo, na yakikauka ndani yanaacha chumvi na uchafu juu ya sahani. Kama ilizama kweli ifunge kwenye mfuko usiopitisha hewa ikiwa na unyevu wake na uifikishe kwa wataalamu haraka. Kama yalimwagika kwenye kibodi tu mara nyingi hayafiki kwenye diski, ikague, ikiwa kavu kabisa na soketi hazina kutu unaweza kuendelea.

Iliyopita kwenye moto usikate tamaa mapema. Chombo cha anga cha Columbia kilisambaratika angani tarehe 1 Februari 2003, diski iliyokuwa ndani ilianguka na mabaki ikaokotwa miezi baadaye imeungua kwa nje, na kampuni ya Kroll Ontrack ikatoa karibu 99% ya data. Sahani zilikuwa hazijakwanguliwa sehemu yenye data. 

14. Kuiweka kwenye friza kunasaidia?

Hapana. Ukiitoa tu unyevu unatanda juu ya sahani kama kwenye chupa ya maji baridi. Na kuifungua mwenyewe nyumbani kubadilisha vichwa pia hapana, chembe ya vumbi usiyoiona ni mlima kwa kichwa kinachoelea nanomita chache.

15. Nilichomeka umeme usio wake ikafa kimya. Naweza kubadilisha bodi ya chini?

Zamani sana uliweza kuhamisha bodi kutoka diski inayofanana ikafanya kazi. Siku hizi kwenye bodi kuna chipu ya ROM yenye vipimo vya diski hiyo hiyo moja, bodi ya nyingine hata ya modeli ileile haitaisoma mpaka chipu hiyo ihamishwe, kazi ya mtu mwenye mkono mzuri wa kulehemu. Habari nzuri ni kwamba diski nyingi zina dayodi ya kinga inayojitoa mhanga kwa kushoti umeme ukizidi, fundi wa elektroniki anaweza kuipima na kuitoa, diski ikaamka, ukakopi data palepale bila kuchelewa kwasababu kinga haipo tena.

## Zilizofutwa, na kesi za pembeni

16. Nilishafomati au niliweka Windows upya, bado zipo?

Kama ni fomati ya haraka kwenye diski ya kuzunguka, ndiyo, mpaka kitu kingine kiandikwe juu yake. Acha kuitumia saa hii hii. TestDisk inarudisha patisheni iliyopotea, PhotoRec inachimba picha na nyaraka bila kujali mpangilio ila majina ya faili hayarudi, zote ni za bure. Matokeo yasevu kwenye diski nyingine, kamwe usisevu kwenye ileile unayoichimba. Ukiwa umeweka Windows mpya juu yake, sehemu iliyoandikwa tena imeenda kabisa, iliyobaki unaweza kuivuna.

SSD, yani diski isiyo na sahani za kuzunguka, ni habari nyingine. Ikifutwa faili, Windows inaituma amri ya TRIM na SSD inasafisha zile sehemu yenyewe, mara nyingi ndani ya muda mfupi. Faili lililofutwa kwenye SSD ya ndani kwa kawaida halirudi. Ila faili ambalo halikufutwa, kompyuta ikafa tu, liko salama kama kawaida.

17. Nilitoa diski kwenye kasha lake la nje, sasa inaonekana tupu.

Irudishe kwenye kasha lake kwanza. Baadhi ya diski za nje, hasa za Western Digital, zinasimba data kwenye bodi ndogo ya USB ya kasha hata kama hukuweka paswedi, bila bodi ile unaona takataka. Makasha mengine yanageuza ukubwa wa sekta kwa diski zinazozidi TB 2, ukiichomeka moja kwa moja patisheni hazieleweki ingawa data ziko sawa. Kwa hiyo usitupe bodi hiyo hata kama soketi yake imevunjika, fundi anaweza kubadilisha soketi.

Inafanana na ya kompyuta iliyokuwa na diski mbili kwenye RAID 0, yani zimeunganishwa zifanye kazi kama moja: kila moja ina nusu ya kila faili, lazima zije zote mbili. Ziandike namba kabla ya kuzichomoa.

18. Laptopu yangu hifadhi imelehemewa, hakuna cha kutoa.

Basi njia ni kuifufua mazabodi yenyewe, hata kwa nusu saa tu ya kukopi. Kwenye Mac zenye chipu ya T2 au za M1 na kuendelea, data zimesimbwa kwa funguo iliyo ndani ya chipu ya bodi hiyo, kwa hiyo kung'oa chipu za hifadhi hakusaidii. Mtafute fundi wa mazabodi anayefanya kazi kwa mikroskopu na umwambie mapema kuwa unataka data, hutaki kompyuta ipone, maana akibadilisha bodi nzima kompyuta itawaka na data zako zitakuwa zimebaki kwenye bodi ya zamani.

19. Diski ya Mac au Linux naisomaje kwenye Windows?

Rahisi ni kuichomeka kwenye mashine ya aina yake. Ya Linux washa kompyuta kwa Linux iliyoko kwenye flashi kama swali la 8. Ya Mac ikiwa na FileVault (usimbaji wa Mac) utahitaji paswedi yake. Kinyume chake ni rahisi zaidi, Mac inasoma diski ya Windows ya NTFS bila kuongeza kitu, inashindwa kuandika tu, na kuandika hatutaki.

20. Nimeshindwa, nimpe nani na nimuulize nini?

Muulize kama anakopi diski nzima kwanza kabla ya kuchimba. Akisema anaanza na chkdsk au kufomati, chukua diski yako uondoke. Kwa inayogonga uliza wanafungulia wapi, akifungua mezani mbele yako usikubali. Uliza kama kukagua kunalipiwa, na unalipa nini data zisipotoka. Omba orodha ya faili zilizopatikana kabla ya kulipa yote.

Na mueleze ukweli wote, kama ilianguka sema, kama ulijaribu friza sema, hakuna wa kukugombeza. Kinachoumiza ni fundi kuwasha diski iliyoanguka kwasababu mwenye nayo aliona aibu kusema.

21. Nimezipata zote! Diski ya zamani naweza kuendelea kuitumia?

Fungua faili kadhaa kwanza uhakikishe zinafunguka, video ziruke mpaka katikati, alafu kopi sehemu ya pili tofauti. Kama namba za swali la 12 ni sifuri na kilichokufa kilikuwa kompyuta tu, itumie kwenye kasha bila shida. Zikiwa zimepanda usiweke kitu cha maana humo tena.

Ukitaka kuigawa au kuitupa, fomati ya haraka haifuti kitu kama ulivyoona kwenye swali la 16. Kwa diski ya kuzunguka tumia amri ya clean all ndani ya diskpart ya Windows, inaandika sifuri kila sekta, inachukua masaa, na soma namba ya diski mara mbili kabla ya kubonyeza Enter kwasababu haiulizi tena. Iliyokufa kabisa isiyowaka, itoboe mpaka kwenye sahani.